Dai la fidia ya ulemavu limekataliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukata rufaa hadi Mahakama ya Kazi

Majibu haya ni kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara, hasa anayeishi Dar es Salaam, aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, akadai fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), kisha akajibiwa kwamba halipwi au analipwa chini ya alichostahili. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Nimepewa barua kwamba dai langu limekataliwa. Ndiyo mwisho?

Siyo mwisho. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inakupa ngazi za kupanda. Kwanza unaomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie upya uamuzi. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Ukishindwa na huko, unakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ambayo wengi tunaiita Mahakama ya Kazi. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani, kwa hoja za sheria tu (swali la 21).

Inauma kuona wangapi wanaikunja barua ya kwanza na kuiweka kabatini. Madai mengi hukwama kwa sababu jalada lilikosa karatasi moja au mbili, na mapitio yapo ili karatasi hizo ziingie.

2. Kwa nini nisiende mahakamani moja kwa moja?

Kwa sababu upande wa pili utaweka pingamizi la awali kwamba hukumaliza ngazi za chini, na shauri litaondolewa kabla hata jeraha lako halijazungumzwa. Hasara kubwa zaidi ni muda: wakati unasubiri pingamizi liamuliwe, siku za kuomba mapitio zinaendelea kuhesabika.

Usilipeleke suala hili CMA pia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hushughulikia mgogoro kati yako na mwajiri, haina kazi ya kupima uamuzi wa Mfuko. Kama umeachishwa kazi baada ya kuumia, hilo ni shauri lingine kabisa (swali la 22).

3. Siku zinahesabiwaje?

Kila ngazi ina ukomo wake, uliowekwa na Sheria. Usiupangie kuufikia. Lengo la busara ni kupeleka ombi la mapitio ndani ya siku 14 tangu upokee barua, na rufaa ya kila ngazi inayofuata vivyo hivyo.

Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, unaanza kesho yake. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Barua ikikufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea na jina la aliyekukabidhi, na usitupe bahasha: mhuri wa Posta umeokoa rufaa za watu. Kama uliitwa ofisini kusaini kitabu cha dispachi, piga picha ukurasa huo.

4. Dai langu ni la WCF, NSSF au PSSSF?

WCF hulipa pale ajali au ugonjwa umetokana na kazi, na michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Mwajiri akikata mshahara wako kwa ajili ya WCF, anavunja sheria. NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma hutoa mafao ya ulemavu kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya kuchangia, hata kama hakuumia kazini.

Mtu aliyeanguka bafuni nyumbani kwake Mbagala akivunjika nyonga, WCF haimhusu. Aende kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Huko nako uamuzi hupingwa, ila kwa taratibu za sheria ya mfuko husika, na majibu ya ukurasa huu hayatamfaa yote. Mfanyakazi wa Zanzibar ana sheria yake.

5. Mimi ni kibarua, sina mkataba wa maandishi. Nina haki?

Mara nyingi ndiyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kikiwepo kigezo kimoja au zaidi kati ya vilivyotajwa: kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, anasimamiwa anavyofanya kazi, anategemea kipato hicho, anapewa vifaa vya kazi, na vinginevyo.

Kusanya kila kinachoonyesha hivyo. Taarifa za miamala ya simu zinazoonyesha malipo kila Jumamosi kutoka namba ileile ya msimamizi ni ushahidi mzito. Kitambulisho cha getini, daftari la mahudhurio, ujumbe wa simu unaosema "kesho njoo saa kumi na mbili, tunashusha kontena", na maelezo ya wenzako wawili mliokuwa zamu moja, vyote viweke. Ukichapisha ujumbe wa simu, ambatanisha hati ya kiapo fupi ikieleza simu ni ya nani, nani alichapisha na lini, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki unapimwa kwa uhalisia wake.

Dereva wa bodaboda anayeendesha chombo chake mwenyewe yuko upande mwingine: huyo amejiajiri.

6. Ajali ilitokana na uzembe wangu. Nimekosa?

Fidia hii haitegemei nani alikosea. Kuteleza kwa kuwa hukuangalia chini, au kusahau glovu siku hiyo, peke yake hakukufuti. Kinachoweza kukuweka pabaya ni utovu wa nidhamu mkubwa wa makusudi, kwa mfano ulevi kazini. Kama barua inadai hivyo, waombe wakuonyeshe ushahidi. Maneno ya msimamizi "alikuwa amelewa" bila kipimo chochote yajibiwe kwa kumbukumbu za hospitali za siku ileile: daktari wa mapokezi huandika hali ya mgonjwa, na kama hakuandika harufu ya pombe, lisemee hilo.

7. Mwajiri hakuripoti ajali. Nifanyeje?

Mwajiri anapaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu ajali itokee au aipate habari. Asipofanya, kosa ni lake. Mwandikie barua, bakiza nakala yenye mhuri au saini ya kupokelewa, kisha peleka taarifa mwenyewe ofisi za WCF. Ripoti pia OSHA, ambao ndio wasimamizi wa usalama na afya mahali pa kazi. Wakija kukagua, taarifa yao itakuwa shahidi asiye na upande. Mwajiri kutokuwa amesajiliwa WCF nako kusikutishe: wasilisha dai.

## Kabla ya mahakama

8. Jambo la kwanza la kufanya ni lipi?

Pata sababu ya kukataliwa kwa maandishi. "Dai halijakidhi vigezo" haijibiki. Andika barua fupi ukiomba sababu mahususi, ripoti ya tathmini ya daktari, fomu alizojaza mwajiri, na maelezo ya mashahidi waliohojiwa.

Fomu ya mwajiri isome neno kwa neno. Humo ndimo mambo huharibika: tarehe ya ajali imeandikwa siku uliyokuwa likizo, mshahara umeandikwa wa msingi bila posho za kudumu, au "aliumia mkono" bila kutaja ni upi. Mfano: fundi wa mashine ya kukata karatasi kiwandani Chang'ombe ameumia mkono wa kulia, fomu inasema wa kushoto, picha za eksirei ni za kulia. Mkaguzi aliyeko ofisini anaona majeraha mawili tofauti, na dai linakwama. Hilo linatibika kwa barua ya hospitali na marekebisho ya mwajiri. Lisiporekebishwa kwenye mapitio, linakufuata hadi kwa jaji.

9. Sababu gani hurudiwa zaidi, na kila moja inajibiwaje?

*Jeraha halikutokana na kazi.* Hapa unajenga daraja kati ya mahali, saa na jeraha. Ratiba ya zamu, jina lako kwenye daftari la mahudhurio, rekodi ya kisanduku cha huduma ya kwanza, saa ya kupokelewa hospitali. Ajali ya barabarani inahitaji PF3 ya polisi na karatasi inayoonyesha mwajiri alikutuma: hati ya kusafirishia mzigo, oda ya gari, hata ujumbe wa "pitia Kariakoo uchukue risiti".

*Tatizo lilikuwepo kabla.* Mgongo ndio unaosemwa hivyo sana, hasa kwa wabeba mizigo wa bandarini na sokoni. Tafuta ripoti ya uchunguzi wa afya uliofanyiwa wakati wa kuanza kazi, ambao sheria ya usalama na afya mahali pa kazi inautaka. Kama uliandikwa mzima siku ya kuajiriwa, hoja yao imepungua nguvu. Na hata tatizo la zamani lililozidishwa na ajali lina hoja yake. Mwombe daktari aandike wazi nini kilikuwepo na nini kimeongezeka.

*Hakuna ulemavu wa kudumu.* Tazama swali la 10 na la 11.

*Umechelewa kudai.* Eleza nani alijua na lini. Kama mwajiri alikupeleka mwenyewe hospitali siku ya ajali na kulipa bili, stakabadhi hiyo inaonyesha kwamba alijua tangu siku ya kwanza.

*Wewe si mwajiriwa.* Tazama swali la 5.

10. Sikukataliwa kabisa, nimepewa asilimia ndogo. Nayo inapingwa?

Inapingwa, na inafaa kupingwa. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na asilimia 30 ndiyo mpaka. Usiozidi hapo hulipwa mkupuo, mara moja basi. Unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo tofauti ya 28 na 32, ambayo kwa macho ni ndogo, kwa kijana wa miaka 29 ni tofauti ya kulipwa mara moja na kulipwa kila mwezi. (Ulemavu wa muda ni jambo jingine: huo hulipwa asilimia 70 ya kipato, kwa muda usiozidi miezi 24. Anayepata shilingi 600,000 atapokea 420,000 kwa mwezi.)

Makosa ya tathmini tunayoyaona yanajirudia. La kwanza, mgonjwa kupimwa mapema mno, jeraha likiwa halijatulia. Pini bado ipo mfupani, fiziotherapia haijaisha, na asilimia imeshaandikwa. La pili, kupimwa jeraha moja na kuachwa mengine: vidole vimehesabiwa, ganzi ya kiganja haikuguswa. La tatu, kutopima kwa kifaa. Mwendo wa kiungo hupimwa kwa nyuzi, nguvu ya kushika hupimwa kwa kifaa cha kubana, masikio hupimwa kwa odiometa ndani ya chumba kisicho na kelele. Ripoti isiyo na vipimo hivyo imejengwa juu ya makadirio ya macho.

Usidai asilimia uliyoisikia kwa jirani. Jedwali lililo nyuma ya Sheria linataja asilimia za viungo vilivyopotea, na jeraha lisilotajwa humo hupimwa kitaalamu. Omba tathmini ya pili kwa daktari aliyefunzwa kupima ulemavu, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au hospitali nyingine ya rufaa, kisha weka ripoti mbili bega kwa bega na uonyeshe zinapotofautiana: kiungo gani, kipimo gani, tarehe ipi.

11. Ripoti ya daktari iandikweje ili isaidie?

Hapa ndipo rufaa nyingi hufia au hupona. Daktari wako ni mtu mwenye foleni ndefu. Ukimwambia "niandikie barua ya WCF" atakuandikia mistari mitatu: "Tajwa hapo juu alivunjika mkono, ametibiwa, anahitaji kazi nyepesi." Barua hiyo haina kosa, ila haithibitishi chochote.

Nenda na maswali yameandikwa kwenye karatasi: Ugonjwa au jeraha ni lipi, kwa jina la kitaalamu? Lilitokana na nini, na kwa nini daktari anaamini hivyo? Vipimo gani vilifanyika na vilionyesha nini? Jeraha limetulia tangu lini? Kazi gani mgonjwa hawezi tena, na kwa nini? Asilimia ngapi, kwa mwongozo upi?

Ripoti inayosaidia husomeka hivi: "Kifundo cha mkono wa kulia kinakunjika nyuzi 20 tu. Nguvu ya kushika ni kilo 9 mkono wa kulia na 34 wa kushoto. Hali haijabadilika kwa miezi sita. Hawezi kushika nyundo wala kunyanyua zaidi ya kilo 5. Mvunjiko unalingana na kubanwa na mashine kama alivyoeleza siku ya kupokelewa." Iwe na jina kamili la daktari, namba yake ya usajili, saini, mhuri wa hospitali na tarehe. Ambatanisha eksirei zenyewe, muhtasari wa kuruhusiwa wodini na ED zote (vyeti vya daktari vya kupumzika kazi) ulizopewa, zikipangwa kwa tarehe.

12. Ombi la mapitio liandikwe na kupelekwa vipi?

Kurasa mbili zinatosha. Taja namba ya dai, tarehe ya uamuzi, sababu waliyotoa, kisha jibu lako kwa kila sababu ukirejea kiambatisho kwa namba. Malizia kwa unachoomba hasa: "naomba uamuzi utenguliwe na nitathminiwe upya na jopo la madaktari". Usijaze historia ya manyanyaso ya msimamizi kama haihusiani na sababu ya kukataliwa.

Andika ukijua kwamba karatasi hii ndiyo jaji atakayoisoma. Hoja ambayo hukuitaja hapa itakuwa ngumu kuiingiza mahakamani (swali la 16). Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na irudi nawe.

13. Na rufaa kwa Waziri?

Muundo ni uleule, ila sasa unashambulia pia uamuzi wa mapitio. Ofisi za wizara ziko Dodoma. Si lazima upande basi: tuma kwa EMS ya Posta na utunze risiti yenye namba ya ufuatiliaji. Ukimya ukizidi, andika barua ya kukumbusha kila mwezi na utunze nakala. Usianze kuhesabu kwamba umeshindwa kwa sababu tu hujajibiwa. Zungumza na wakili juu ya kuiomba mahakama imwamuru mwenye mamlaka atoe uamuzi, maana hiyo ni njia nyingine yenye masharti yake.

## Mahakamani

14. Rufaa inafunguliwaje?

Mahakama hutumia mfumo wa kielektroniki wa e-CMS. Wakili hufungua kwa akaunti yake. Asiye na wakili anaweza kusaidiwa masjala. Nyaraka ziwe PDF, zimeskaniwa zikasomeka. Picha za simu zenye kivuli cha mkono hurudishwa, nawe umebakiwa na siku mbili.

Kifurushi huwa na hati ya rufaa yenye sababu, nakala ya uamuzi unaoupinga, na nyaraka zote zilizokuwa mbele ya waamuzi wa chini. Taratibu zimo katika Kanuni za Mahakama ya Kazi za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 106. Likisajiliwa, unampelekea mjibu rufaa nakala na kuweka mahakamani uthibitisho kwamba alipokea. Shauri nyingi huahirishwa kwa kukosa kikaratasi hicho tu.

15. Sababu za rufaa zinaandikwaje?

Fupi, kila moja ikibeba kosa moja. "Uamuzi ulikosea kuipuuza ripoti ya MOI iliyoonyesha upungufu wa nguvu ya mkono wa kulia bila kutoa sababu" ni sababu ya rufaa. "Sikutendewa haki" ni malalamiko. Nne zilizo imara zinashinda kumi na tano. Ukiandika kumi na tano, jaji atatumia muda wake kwenye zilizo dhaifu.

Makosa yanayobeba uzito ni haya: kupuuza ushahidi uliokuwepo, kutumia sheria au jedwali visivyo, kutokusikiliza upande mmoja, kutotoa sababu, na kufikia jibu lisiloendana na ushahidi wenyewe.

16. Naweza kuleta ripoti mpya ya daktari mahakamani?

Kwa kawaida mahakama inayosikiliza rufaa hupima kilichokuwa mbele ya mwamuzi wa chini. Ushahidi mpya huhitaji ruhusa, na utaulizwa kwa nini hukuuleta mapema. Jibu "sikujua" halitoshi. Jibu "kipimo hiki kilipatikana tu baada ya upasuaji wa pili, tarehe hii hapa" lina nafasi. Ndiyo maana tunasisitiza tathmini ya pili ifanywe wakati wa mapitio, siyo baada ya kushindwa kwa Waziri.

17. Nimechelewa. Bado kuna njia?

Ipo: maombi ya kuongezewa muda, yakiungwa mkono na hati ya kiapo. Msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba kila siku ya ucheleweshaji lazima ielezwe, hata ikiwa ni moja. Katika shauri la Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010) ilitaja vigezo: eleza muda wote, usiwe umechelewa kupita kiasi, onyesha bidii, na kama kuna kasoro ya kisheria katika uamuzi, itaje.

Kwa hiyo usiseme "nilikuwa mgonjwa Machi hadi Juni". Sema tarehe 4 hadi 19 Machi ulilazwa hospitali ya Amana, muhtasari wa wodi kiambatisho A. Tarehe 20 hadi 31 ulikuwa na ED, kiambatisho B. Tarehe 1 Aprili ulikwenda kwa msaada wa kisheria, barua yao kiambatisho C. Panapobaki pengo la wiki mbili bila maelezo, maombi hupasukia hapo.

Hati ya kiapo isiwe na hoja za kisheria wala maneno ya kusikia. Iapwe mbele ya kamishna wa viapo, na jina lake, mahali na tarehe viandikwe. Kiapo kisicho na mahali na tarehe kinaweza kufutwa chote.

18. Lazima niwe na wakili? Gharama je?

Si lazima. Sheria ya Taasisi za Kazi inakuruhusu ujitetee, uwakilishwe na wakili, ofisa wa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, au mwakilishi uliyemchagua. Kama ulikuwa ukikatwa ada ya chama, chama hicho kinakuhusu: nenda ukadai uwakilishi.

Msaada wa kisheria bila malipo Dar es Salaam hutolewa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, miongoni mwa wengine waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kwa lugha ya alama na mahitaji ya wenye ulemavu, CHAVITA (chama cha viziwi) na SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) ni watu wa kuwauliza.

Hofu ya kulipishwa gharama za upande wa pili ukishindwa isikuzuie. Mahakama ya Kazi haiamuru gharama, isipokuwa shauri likiwa la kipuuzi au la usumbufu. Ukimpa wakili kazi, mkataba wa ada uwe wa maandishi, na hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka ni wengi kuzunguka majengo ya mahakama.

19. Lugha ni ipi, na kama siwezi kupanda ngazi au kusikia?

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Andika hati zako kwa Kiswahili bila woga. Kama unatumia kiti cha magurudumu, unahitaji mkalimani wa lugha ya alama au huwezi kukaa muda mrefu, mwandikie Naibu Msajili mapema, si asubuhi ya shauri.

20. Shauri linasikilizwaje, na jaji anaweza kuamua nini?

Mara nyingi jaji hupanga hoja ziwasilishwe kwa maandishi: wewe tarehe fulani, wao tarehe fulani, majibu ya nyongeza tarehe fulani. Iandike ratiba hiyo ukutani. Kutowasilisha hoja kwa tarehe iliyopangwa ni sawa na kutofika mahakamani, na rufaa inaweza kufutwa. Ikifutwa hivyo, unaomba irejeshwe kwa kuonyesha sababu ya msingi, haraka.

Jaji anaweza kuukubali uamuzi, kuutengua, kuubadili, au kurudisha suala likaamuliwe upya kwa maelekezo. Lililo la kawaida kutarajia kwenye mgogoro wa asilimia ni hilo la mwisho, kwa kuwa jaji si daktari. Hivyo kwenye maombi yako weka pia ombi mbadala: "au nitathminiwe upya na jopo ambalo halikuhusika awali".

21. Nikishindwa Mahakama ya Kazi?

Mahakama ya Rufani, kwa hoja ya sheria tu. Notisi ya rufaa huwekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Ndani ya zile siku 30 za mwanzo, andika barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo na hukumu, na nakala ya barua hiyo umpelekee mjibu rufaa. Ukifanya hivyo, muda wa kusubiri nakala hautahesabiwa dhidi yako, Msajili akithibitisha. Ukisahau kumpelekea mwenzako nakala, nafuu hiyo umeipoteza. Kwenye ngazi hii, tafuta wakili kwa kila njia.

## Hali za pekee

22. Nimeachishwa kazi wakati rufaa inaendelea.

Hilo lipeleke CMA kwa fomu CMA F.1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mashauri mawili huenda sambamba na hayazuiani. Usisaini karatasi ya mwajiri inayosema "sina madai mengine yoyote" kwa kubadilishana na mshahara wa mwezi mmoja.

23. Ugonjwa umegundulika baada ya kustaafu.

Magonjwa ya kazini, kama mapafu ya vumbi la mawe au kupoteza usikivu, hujitokeza miaka baadaye. Ushahidi wako ni historia ya kazi: ulikuwa idara gani, miaka mingapi, ulivuta vumbi gani, kelele ya mashine ipi. Vipimo vya afya vya kila kipindi na cha kuondoka kazini, viombe kwa mwajiri na OSHA. Peleka dai mara tu daktari anapotaja ugonjwa kwa jina.

24. Mlemavu amefariki kabla rufaa haijaisha.

Familia ifungue mirathi, ateuliwe msimamizi, kisha aombe mahakama aendeleze rufaa kwa nafasi ya marehemu. Tofauti na hilo, kama kifo kimetokana na jeraha lilelile, wategemezi wana dai lao wenyewe kwa Mfuko, na msaada wa mazishi pia. Hayo yasichanganywe kwenye jalada moja.

25. Majina yangu hayalingani kwenye nyaraka.

Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, mkataba vile, kadi ya hospitali kwa jina la utani. Fanya kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo kikitaja kila jina na nyaraka linapoonekana, na kiambatanishe tangu ngazi ya mapitio. Akaunti ya benki iwe hai na kwa jina la NIDA, la sivyo hata ukishinda malipo yatarudi.

26. Kuna mtu amesema nikimpa laki tatu "faili litasogea".

Usimpe. Mapitio na rufaa havina mlango wa pesa ya chini, na faili lililosogezwa kwa hongo linaweza kukuharibia dai zima. Tunza namba yake na ujumbe aliotuma, kisha piga TAKUKURU namba 113, bila malipo.